Mfumo wa Duka Lako Unapitia Mlango Gani?

Kuna aina ya simu ambayo watu wetu wa huduma kwa wateja huitambua kabla mpigaji hajamaliza kujieleza. Pesa imeingia kwenye Till. Mteja amepata meseji yake na ameionyesha, lakini mfumo wa duka unasema oda haijalipwa. Ikiwa ni duka la kaunta, mteja amesimama pale na mfuko mkononi. Ikiwa ni duka la mtandaoni, yuko WhatsApp anaandika kwa herufi kubwa. Mwenye duka naye ana swali moja tu kwetu: pesa yangu imeenda wapi?

Mara nyingi haijaenda popote. Iko kwenye akaunti yake, salio linaonyesha. Kilichopotea njiani ni habari kwamba pesa imeingia. Na tukifuatilia, tunakuta habari hiyo ilikuwa ikipita mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuahidi kwamba patabaki wazi.

Leo tuongee juu ya mahali hapo. Ni mambo ya mafundi wa programu, kweli, lakini anayepoteza mauzo ni wewe. Kwa hivyo ni vizuri uyaelewe kiasi cha kumuuliza fundi wako maswali mawili matatu, akakosa pa kukwepea.

Menyu na jikoni

Karibu hakuna mfumo wa duka unaoandikwa kuanzia sifuri. Fundi huchukua kitu kilichojengwa na mtu mwingine, halafu anaongeza chake juu yake. Duka la mtandaoni, kwa mfano, linaweza kuwa limejengwa kwa WordPress. Juu ya WordPress kuna WooCommerce, inayoshughulikia bidhaa, kapu na oda. Juu ya WooCommerce kuna plagini ndogo ya kupokea malipo ya simu. Ni ghorofa juu ya ghorofa, kila moja na mwenyewe, na wenye ghorofa mara nyingi hawajuani kabisa. Sisi pia tuko humo katikati: tunategemea mifumo ya mitandao ya simu iliyo chini yetu, na maduka yanatutegemea sisi.

Kila pakeji ya namna hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni funksheni ambazo mwenye pakeji amezitoa kwa watu. Ameziandikia maelezo, na ameahidi kwamba akitaka kuzibadilisha atasema mapema. Ya pili ni zile anazotumia mwenyewe ndani, kwa kazi zake. Hizo hana ahadi nazo. Anaweza kuzifuta kesho asubuhi na hatakuwa amemkosea mtu.

Fikiria kibanda cha chakula. Menyu iko ukutani: chapati madondo, bei yake hii, kaa chini utaletewa. Sasa kuna mteja mmoja aliyezoea. Hangoji. Anaingia jikoni, anajua sufuria ya madondo ni ya tatu kutoka mlangoni, anajipakulia, analipa, anaenda. Anakula haraka kuliko sisi wote. Siku mwenye kibanda atakapopanga jikoni upya, na ya tatu iwe ni sufuria ya maji ya kuoshea vyombo, huyo mteja hatakuwa na wa kumlaumu. Menyu haikubadilika. Ni yeye hakuwa akitumia menyu.

Lugha za programu zina njia zake za kuonyesha wapi menyu inaishia. Katika R, lugha inayopendwa na watu wa takwimu, ukitaka funksheni iliyotolewa kwa watu unaweka nukta-pacha mbili, na ukitaka kuingia jikoni unaweka tatu. Maelezo ya R yenyewe yanaonya kwamba anayeweka tatu ndani ya pakeji yake kwa kawaida amekosea usanifu. Katika Python, jina likianza na mstari wa chini, hiyo ni kusema "tafadhali usiguse." Hakuna kufuli, ni heshima tu. Java walichoka na heshima. Toleo la 9, lililotoka Septemba 2017, likaanza kugawa vyumba vya ndani na kuvifunga. Android nayo ilifuata: kuanzia toleo la 9 la mwaka 2018, simu ilianza kuzizuia programu zinazoita funksheni za ndani zisizo kwenye orodha rasmi. Hiyo ya Android ilifika hadi simu zilizo mifukoni mwetu.

Oda iliyolipwa isiyoonekana

Mfano mzuri kuliko yote ni wa WooCommerce yenyewe. Maduka ya mtandaoni hapa Kenya huitumia, na kilichotokea kiko wazi kwa yeyote anayetaka kukisoma.

Kwa miaka mingi WooCommerce ilihifadhi oda mahali pa kushangaza kidogo. WordPress ilianza mwaka 2003 kama chombo cha kuandikia blogu. Hifadhidata yake ina jedwali la machapisho, wp_posts, na lingine la maelezo ya ziada, wp_postmeta. WooCommerce ilipokuja mwaka 2011 iliyatumia majedwali hayo hayo. Yaani oda yako ya viatu ilihifadhiwa kama vile ni makala ya blogu. Jina la mteja, nambari yake ya simu na jumla ya pesa vikawa maelezo ya ziada ya hiyo makala.

Mafundi walilijua hilo, na kwa kuwa walilijua, wengine waliacha kuiuliza WooCommerce. Njia rasmi ni kuita funksheni iitwayo wc_get_order. Unapewa oda, unaiambia "umelipwa, na nambari ya muamala ni hii," kisha unaihifadhi. Lakini kama najua maelezo yanakaa wp_postmeta, si niandike huko moja kwa moja? Mstari mmoja badala ya mitatu. Ikafanya kazi mwaka baada ya mwaka. Hapo ndipo mambo ya ndani yalipo na hila: hayakuonyi. Yanafanya kazi vizuri kabisa hadi siku yanapokoma.

Oktoba 2023, kwa toleo la 8.2, WooCommerce ilifanya hifadhi mpya ya oda kuwa ya kawaida kwa kila duka jipya. Sasa oda zina majedwali yake zenyewe, wc_orders na wenzake. Sababu ni nzuri: kutafuta oda katikati ya makala, kurasa na picha kulikuwa kunalemea duka lenye biashara nyingi. Maduka ya zamani yaliachiwa kuhama yakiwa tayari. Na njia rasmi haikuguswa. wc_get_order ya jana ndiyo ya leo, haijali oda imelala jedwali gani.

Sasa fuata hatua za plagini iliyozoea njia ya mkato, ikiwekwa kwenye duka jipya. Mteja analipa. Jibu la malipo linafika kwenye seva ya duka. Plagini inaandika nambari ya muamala kwenye wp_postmeta kama kawaida yake. Kuandika kunafaulu. Hakuna kosa linalojitokeza, kwa sababu jedwali lile la zamani bado lipo. WordPress inalihitaji kwa makala zake. Ila WooCommerce haisomi oda kutoka hapo tena. Inasoma wc_orders, na huko oda bado inasema inasubiri malipo. Hata plagini ikienda kuitafuta oda kwenye wp_posts, inakuta kitu chenye nambari ile ile, lakini si oda. Ni kishika nafasi tu, kimewekwa ili nambari zisigongane, kama leso iliyowekwa kwenye kiti cha matatu na mwenyewe hayupo.

Haiishii hapo. Ikiwa unasimamia stoo kwa mfumo huo huo, WooCommerce ina saa yake: oda isiyolipwa, kwa mpangilio wa kawaida, hushikiliwa dakika 60, halafu inafutwa na bidhaa inarudi kwenye stoo. Kwa hivyo mteja aliyelipa anapigiwa simu na hakuna anayepiga. Viatu vyake vimeuzwa tena kwa mtu mwingine, na pesa za wote wawili ziko kwenye Till yako. Hapo ukizubaa kidogo, mtu atakuita mwizi, na ana risiti.

Je, WooCommerce walikosea? Kwa maoni yetu, hapana. Walitangaza mapema, waliiruhusu hifadhi mpya ijaribiwe kwa hiari kabla ya kuifanya ya kawaida, waliweka hali ya kuoanisha majedwali ya zamani na mapya kwa wanaohama, na waliwapa wenye plagini namna ya kutamka kama plagini zao zinaelewana na hifadhi mpya. Ndani ya msimbo wao kuna hata folda iitwayo Internal, na maelezo yake yanasema waziwazi kwamba vilivyomo ni vya matumizi ya ndani na havina ahadi ya kubaki vilivyo. Ukishapewa onyo kiasi hicho, kilichobaki ni chako.

Simu iliyo mezani

Plagini ni za maduka ya mtandaoni. Kwa duka la kaunta, njia ya jikoni iliyozoeleka zaidi ni ya kusoma SMS, na hatuwacheki walioianzisha. M-PESA ilianza Machi 2007. Kwa miaka kadhaa hakukuwa na mlango rasmi ambao fundi wa kawaida angebisha. API ilifunguliwa mwaka 2015, na Daraja, lango ambalo fundi anajisajili mwenyewe mtandaoni, likaja 2017. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kompyuta yake ijue kwamba malipo yameingia alikuwa na nini mkononi? Meseji tu. Basi aliweka simu mezani, laini ya biashara ndani yake, na programu ya kusoma kila SMS inayoingia na kuchuja kiasi, jina na nambari ya muamala. Ulikuwa ni ubunifu wa kweli, na biashara zilisimama juu yake.

Lakini meseji iliandikwa isomwe na mtu. Mtu akikuta neno limeongezwa katikati, ama nukta imehama, anaelewa tu. Programu haielewi. Inatafuta neno fulani mahali fulani, na lisipokuwepo inanyamaza. Mfano rahisi sana: programu inayotafuta neno "Confirmed" kwenye meseji. Siku mmoja abadilishe lugha ya menyu kwenye laini hiyo iwe Kiswahili, meseji zinaanza kuja na "Imethibitishwa." Pesa inaingia vile vile, lakini programu haioni kitu. Hakuna kilichoharibika, hakuna aliyekosea, ni Kiswahili tu kimezungumzwa.

Kuna na mambo madogo madogo ya simu yenyewe. Chaji imeisha. Mtandao umechelewesha meseji. Simu imeamua kuokoa betri na kuizima programu iliyolala nyuma. Kijana wa duka ametoa laini mara moja aweke yake apige simu. Kila moja ya hizo ni dakika ambazo mauzo hayarekodiwi.

Na kuna jambo kubwa: meseji feki. Unazijua. Meseji inayofanana kabisa na ya kweli, ila imetumwa kutoka nambari ya mtu. Mhudumu makini ataona mtumaji si sahihi, ama ataangalia salio kabla hajatoa mzigo. Programu iliyoandikwa haraka, inayotazama maneno bila kutazama mtumaji, itaiweka oda hiyo "imelipwa" na kukuamuru ufungashe. Tapeli hahitaji hata kukudanganya wewe. Anadanganya simu iliyo mezani.

Oktoba 2018 Google ilitangaza masharti makali juu ya programu zinazoomba ruhusa ya kusoma SMS, na mwaka 2019 zisizo na sababu inayokubalika zikaanza kuondolewa Play. Baadhi ya mafundi walichofanya ni kuwatumia wateja faili la programu kwa WhatsApp: "Mama, weka tu hii, iko sawa, ukiulizwa ruhusa bonyeza kubali." Tafadhali simama hapo kidogo. Programu inayosoma meseji za M-PESA inasoma meseji zote. Nambari ya siri ya mara moja kutoka benki yako inapitia hapo hapo. Fundi anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, lakini simu hiyo ikishawekwa programu isiyopitia duka rasmi, uaminifu wake pekee ndio kufuli uliyonayo.

Yanayofanana na ahadi

Si kila jambo la ndani limefichwa. Mengine yako mbele ya macho, na kwa kuwa hayajawahi kubadilika, watu huyachukulia kama ahadi.

Chukua nambari ya muamala ya M-PESA, ile ya herufi na tarakimu 10. Mafundi waligundua zamani kwamba alama tatu za kwanza zina tarehe ndani yake. Ya kwanza ni mwaka: 2017 ilikuwa L, 2019 ikawa N, 2024 ikawa S, 2025 ikawa T. Ya pili ni mwezi, A kwa Januari hadi L kwa Desemba. Ya tatu ni siku ya mwezi: 1 hadi 9, kisha A kwa tarehe 10, B kwa tarehe 11, hadi V kwa tarehe 31. Fungua meseji zako za zamani uhakikishe mwenyewe, inafurahisha.

Kwa jicho lako ukiwa kaunta, ni ujanja mzuri. Mtu akikuonyesha meseji "ya leo" na herufi za mwanzo ni za mwezi uliopita, una sababu ya kuuliza. Lakini tumeulizwa na mafundi kama wanaweza kuandika mfumo unaokataa muamala wowote ambao herufi zake hazilingani na tarehe. Jibu letu ni hapana. Huo ni mpangilio wa ndani wa mtoaji nambari. Tena hesabu mwenyewe: kwa mwendo huu, Z ni mwaka 2031, na baada ya Z alfabeti imeisha. Mfumo uliojengwa juu ya herufi hiyo una tarehe yake ya kufa, na mwenye duka hajaambiwa.

Nyingine ndogo, lakini tunaiona. Daraja inapomjibu fundi baada ya mteja kuombwa PIN kwenye simu, jibu lina nambari ya matokeo na sentensi ya maelezo. Nambari 0 ni kwamba malipo yamefaulu. 1032 ni kwamba mteja ameghairi. Sentensi iko hapo kwa ajili ya binadamu anayesoma kumbukumbu. Fundi anayelinganisha sentensi neno kwa neno badala ya kutazama nambari amejijengea kwenye mchanga, na hata hakuwa na haja, kwa sababu nambari iko mstari wa juu yake.

Fundi mzuri akilazimika

Tusiwe wagumu kupita kiasi. Kuna wakati mlango rasmi haupo kabisa. Unajenga kitu juu ya pakeji ya mtu mwingine, na funksheni unayoihitaji imo ndani, imekamilika, imejaribiwa, ila mwenyewe hakuitoa kwa watu. Ufanye nini?

La kwanza ni kuomba. Inashangaza ni mara ngapi watu hawaombi. Mwandikie mwenye pakeji, mweleze unajenga nini na kwa nini unaihitaji. Mara nyingine hakuitoa kwa sababu tu hakujua kuna anayeihitaji. Sisi wenyewe tukipata ombi la namna hiyo kutoka kwa mafundi wa maduka, tunalichukulia kama habari njema: linatuambia menyu yetu imekosa kitu.

Ukikataliwa, ama jibu likichelewa, unaweza kuinakili funksheni hiyo ukaiweka kwenye pakeji yako. Hii inategemea leseni. WooCommerce, kwa mfano, iko chini ya leseni ya GPL, kwa hivyo kunakili kunaruhusiwa mradi masharti yake yafuatwe. Pakeji nyingine haziruhusu. Faida yake ni kwamba jikoni ikipangwa upya, wewe huguswi. Hasara ni kwamba mwenyewe akirekebisha kasoro, hasa kasoro ya usalama, nakala yako inabaki na kasoro ile ile hadi wewe ukumbuke. Kwa hivyo tungesema: nakili vitu vidogo vinavyopanga maandishi, kuhesabu ama kubadilisha tarehe. Usinakili chochote kinachohusu kuthibitisha malipo au kutunza nywila.

Na ikiwa ni lazima kabisa kuita funksheni ya ndani, basi iitwe mahali pamoja tu. Siyo kwenye mafaili kumi. Tengeneza funksheni yako moja inayoizunguka, na kila sehemu nyingine ya mfumo ipitie kwako. Kabla ya kuiita, mfumo uangalie kwanza kama bado ipo, na isipokuwepo upige kelele: utume barua pepe, uonyeshe onyo jekundu, usimamishe kupokea oda ikibidi. Mfumo unaokwama kwa kelele ni wa bei nafuu. Ule unaoendelea kimya ukiandika kwenye jedwali lisilosomwa ndio unaokula mtaji.

Kisha kuna suala la matoleo mapya. Wako wanaosema suluhisho ni kutosasisha kamwe: "imefanya kazi, usiiguse." Kwa mfumo unaopokea pesa hatukubaliani na hilo hata kidogo, kwa sababu marekebisho ya usalama huja humo humo. Sasisha, lakini kwanza kwenye duka la majaribio, siyo duka lenye wateja. Na kama una uwezo wa kuchagua siku, usichague ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Maswali ya kumuuliza

Huhitaji kujua hata mstari mmoja wa msimbo. Mwite fundi, mpe chai, muulize: habari ya malipo inafikaje kwenye mfumo wangu? Akisema inakuja kwa API hadi kwenye seva, vizuri. Akisema kuna simu inasoma meseji, muulize itachukua muda gani kuhamia mlango rasmi na itagharimu nini, maana sasa mlango huo upo. Muulize pia kama jibu la malipo likipotea njiani, mfumo una namna ya kuuliza upya hali ya muamala, ama unakaa tu ukingoja. Njia ya kuuliza ipo kwenye API. Fundi ambaye hajaitumia ameacha nusu ya kazi.

Swali la mwisho ndilo gumu: kuna mahali popote mfumo wangu unategemea kitu cha ndani ya pakeji ya mtu mwingine? Fundi mzuri atakujibu ndiyo, pale na pale, na sababu ni hii. Usimwogope huyo. Anayesema "hakuna kabisa, mkubwa, usijali" bila hata kufikiri ndiye wa kumwomba akaangalie tena.

Kwa wenye maduka ya WooCommerce, mnaweza kuangalia jambo moja wenyewe leo. Ingia kwenye mipangilio ya WooCommerce, sehemu iliyoandikwa Advanced, kisha Features. Hapo utaona oda zako zinahifadhiwa wapi, na kama kuna plagini ambazo hazijatamka kuelewana na hifadhi mpya. Ukikuta plagini yako ya malipo imo kwenye orodha hiyo, usibadilishe hifadhi hadi fundi aitengeneze.

Wote, wa kaunta na wa mtandaoni, fanyeni ulinganisho kila jioni. Pakua taarifa ya akaunti ya Till, weka kando ya orodha ya oda, na kila nambari ya muamala ipate oda yake. Ikibaki nambari isiyo na oda, ama oda "iliyolipwa" isiyo na nambari kwenye taarifa, hiyo ndiyo ya kutuletea. Tutumie nambari ya muamala, tarehe na saa, kiasi, na nambari ya oda. PIN usimpe mtu, sisi wakiwemo.

Na baada ya kila sasisho, jilipe mwenyewe shilingi 10 kutoka kwa simu nyingine, isiyo ile ya biashara. Ukishapata meseji, iweke chini simu. Nenda kwenye ukurasa wa oda, usubiri dakika mbili, uone kama imebadilika kuwa imelipwa bila wewe kugusa chochote.